Utafiti wa Magonjwa Kando ya Ziwa Victoria na Kazi ya Kuwaandaa Watafiti Wetu Wenyewe

Mtoto wa mvuvi wa Ukerewe anapougua kichocho, ugonjwa wake una historia ndefu kuliko umri wake. Vimelea vilimwingia kwa ngozi alipokuwa akioga au akichota maji ziwani. Vilitoka kwa konokono wa majini. Konokono naye alivipata kutokana na kinyesi cha mtu kilichofika majini, kwa kuwa choo hakikuwapo, au kilikuwa mbali, au shimo lilishindikana kuchimbwa kwa sababu ya mwamba. Mganga wa zahanati atampa mtoto huyo vidonge vya prazikwanteli na minyoo iliyokomaa mwilini itakufa. Lakini kesho yake mtoto atarudi ziwani, maana maji ya nyumbani kwao yako huko na riziki ya baba yake iko huko.

Je, ugonjwa huo ni wa nani? Daktari atasema ni wake. Mtaalamu wa konokono atasema ni wake. Mhandisi wa maji, mtakwimu, mchunguzi wa maisha ya jamii na serikali ya kijiji, kila mmoja ana sehemu yake. Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Hata hivyo, kwa zaidi ya miaka 100 utafiti wa magonjwa katika Kanda ya Ziwa uliendeshwa kwa kidole kimoja kimoja, na kwa muda mrefu vidole hivyo havikuwa vyetu.

Makala haya yanakusudia kuieleza historia hiyo kwa kifupi, ili makada na wanafunzi waelewe kwa nini kuwaandaa watafiti wa shahada ya uzamivu, ambao wanaweza kuvuka mipaka ya fani zao, ni suala la ukombozi wa nchi na si suala la vyuo peke yake. Taifa lisilo na watafiti wake wa ngazi ya juu hujibu maswali yaliyoulizwa na wengine. Na anayeuliza swali ndiye anayeamua nini kitafutwe, kwa fedha ipi, na jibu lipelekwe wapi.

I. WAKATI WA WAJERUMANI: MGONJWA KAMA SAMPULI

Mwanzoni mwa karne ya 20 ugonjwa wa malale uliwaua watu zaidi ya laki mbili katika pwani na visiwa vya ziwa upande wa Uganda. Mwaka 1903 David Bruce na wenzake walithibitisha huko Entebbe kwamba ugonjwa huo unaenezwa na mbung'o. Watawala wa Kijerumani waliokuwa upande wa kusini waliingiwa na hofu. Hofu yao kubwa ilikuwa kupotea kwa nguvukazi na kodi.

Mwaka 1906 Serikali ya Ujerumani ilimtuma Robert Koch, mwanasayansi aliyekuwa amepewa Tuzo ya Nobel mwaka uliotangulia. Koch alifika Mwanza, kisha akahamia visiwa vya Sese upande wa Uganda, ambako wagonjwa walikuwa wengi zaidi. Huko aliwapa wagonjwa dawa ya arseniki iliyoitwa atoksili. Wengine walipata nafuu ya muda. Dozi ilipoongezwa, baadhi yao walipofuka, na upofu huo haukupona.

Tuangalie kwa makini kazi hiyo ilivyopangwa. Mgonjwa alitoa damu na majimaji ya tezi, na akatoa macho yake. Hadubini ilikuwa ya mgeni, daftari lilikuwa la mgeni, na taarifa iliandikwa kwa Kijerumani ikasomwa Berlin. Hakuna mtu wa ziwa aliyefundishwa kuitumia elimu hiyo, na hakuna aliyeulizwa kwa nini watu wa visiwani walijua tangu zamani kwamba vichaka fulani havifai kufuga wala kulala. Huo ndio msingi wa kwanza wa utafiti katika eneo letu: mwili wa Mwafrika ulikuwa malighafi, kama pamba, na malighafi husafirishwa ikaongezewe thamani kwingine.

II. WAKATI WA WAINGEREZA: UTAFITI ULIOGAWANYWA KWA JINA LA UGONJWA

Chini ya Waingereza mambo yalibadilika kwa kiasi fulani. Mwaka 1922 malale ya aina kali yalizuka Maswa. Huko Shinyanga C. F. M. Swynnerton, aliyekuja kuongoza idara ya utafiti wa mbung'o hadi alipokufa katika ajali ya ndege mwaka 1938, alitambua jambo moja muhimu. Mbung'o hawezi kushindwa na mtaalamu wa wadudu peke yake. Ufyekaji wa vichaka ulihitaji mikono ya maelfu ya Wasukuma, na mikono hiyo ilipatikana kwa sababu Wasukuma walikuwa na utaratibu wao wa kufanya kazi kwa pamoja. Sayansi ilisimama juu ya ushirika wa wananchi, lakini katika vitabu ushirika huo uliitwa vibarua.

Baada ya Vita Kuu ya Pili, mwaka 1949, Waingereza walianzisha kazi ya uchunguzi wa magonjwa ya Afrika Mashariki pamoja na kitengo cha utafiti wa matende na mabusha, na Mwanza ikawa kituo. Katikati ya miaka ya 1950 kazi hizo mbili ziliunganishwa kuwa Taasisi ya Afrika Mashariki ya Utafiti wa Magonjwa, yenye makao yake Mwanza. Hapo palifanyika kazi nzuri ya kisayansi, na haitufai kuikana. Uenezaji wa matende na mbu ulichunguzwa katika Kisiwa cha Ukara na taarifa yake ikachapishwa mwaka 1955. Peter Jordan alichunguza matende na kichocho. Gerald Webbe alifuatilia konokono wa kichocho cha mkojo katika Jimbo la Ziwa, na mwaka 1962 Shirika la Afya Duniani likachapisha matokeo yake.

Lakini tazama mpangilio wa jumla. Virusi vilichunguzwa Entebbe. Malaria ilichunguzwa Amani. Malale ilikuwa Tororo. Ukoma ulikuwa Alupe. Kichocho na matende vilikuwa Mwanza. Mpangilio huu ulimfaa mtawala aliyekuwa akigawa bajeti. Haukumfaa mkulima wa Misungwi, ambaye kwa siku moja huwa na malaria katika damu, safura tumboni na kichocho kibofuni. Kama angetaka kuchunguzwa kikamilifu, angelazimika kukatwa vipande na kusafirishwa nchi tatu.

Kasoro kubwa zaidi ilikuwa katika kutenganisha ugonjwa na uchumi. Katika miaka ya 1940 na 1950 serikali ya kikoloni ilichimba malambo mengi Usukumani ili pawe na maji ya mifugo na watu, na ili kilimo cha pamba kipanuke. Lambo lilikuwa neema. Lakini lambo lenye majani pembezoni na watoto wanaooga ndani yake ni makazi mazuri ya konokono wa kichocho cha mkojo. Idara ya kilimo ilihesabu magunia ya pamba. Watafiti wa Mwanza walihesabu konokono. Kati ya hesabu hizo mbili hapakuwa na mtu aliyepewa kazi ya kuzisoma pamoja na kumwuliza mwenye lambo.

Na Waafrika walikuwa wapi? Walikuwa pale kila siku. Ndio waliovua konokono, waliokamata mbu usiku, waliopaka damu kwenye vioo na kuhesabu vimelea kwa hadubini, na waliotafsiri Kisukuma na Kikerewe kwa mgeni. Wengi walikuwa na ujuzi uliomzidi bwana mkubwa aliyewasili karibuni. Hata hivyo ngazi yao iliishia kwenye cheo cha msaidizi. Makerere, ambako mafunzo ya utabibu yalianza mwaka 1924, ilitoa madaktari wa kutibu. Kutoa watu wa kuuliza maswali mapya hakukuwa katika mpango wa mkoloni.

III. UHURU NA SWALI LA NANI AJIFUNZE NINI

Mwaka 1961 Tanganyika ilipata Uhuru ikiwa na madaktari wazalendo 12. Taifa lenye madaktari 12 haliwezi kuanza na watafiti; linaanza na wauguzi, waganga wasaidizi na zahanati. Hivyo ndivyo ilivyofanyika, na ilikuwa sahihi. Shule ya utabibu ilifunguliwa Dar es Salaam mwaka 1963, na mwaka 1968 ikawa kitivo cha Chuo Kikuu. Mwaka huohuo liliundwa Baraza la Taifa la Utafiti wa Kisayansi, lililojulikana kwa jina la UTAFITI, ambalo mwaka 1986 nafasi yake ilichukuliwa na Tume ya Sayansi na Teknolojia. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilielekeza nguvu vijijini, na katika miaka ya 1970 zahanati na vituo vya afya vilienea. Tukumbuke zahanati hizo. Tutazikuta tena mbele.

Mwanza nayo ilianza kubadilika. Taasisi ya utafiti ilipata uongozi wa mzalendo, Dk. V. M. Eyakuze. Mwishoni mwa miaka ya 1960 Shirika la Afya Duniani na Tanzania waliendesha huko Misungwi mradi wa majaribio wa kudhibiti kichocho, na mradi huo ulikuwa na neno la mafunzo katika jina lake. Katika taarifa ya mwaka 1968 kuhusu maji na uenezaji wa kichocho Misungwi, majina ya Watanzania yaliandikwa kama waandishi pamoja na mtaalamu wa kigeni. Wapo watakaoona hilo ni jambo dogo. Mtu aliyekuwa akihesabu konokono bila jina sasa alikuwa mwandishi wa elimu. Hapo msaidizi alianza kuwa mtafiti.

Matukio mawili ya miaka hiyo yana somo la pekee kwa mada yetu. La kwanza ni kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, ambapo watu wapatao milioni mbili walikusanyika katika vikundi vya kusikiliza redio, wakasoma na kujadili malaria, minyoo, kuhara, kichocho na kifua kikuu, kisha wakachimba vyoo. Kampeni hiyo ilionyesha kwamba mwananchi anaweza kuujadili ugonjwa wake kama jambo la kujua na kutenda.

La pili ni Azimio la Musoma la Novemba 1974. Halmashauri Kuu ya Taifa ya TANU, ikiwa imekutana katika mji huo wa kando ya ziwa, iliamua kuharakisha elimu ya msingi kwa wote na kutaka wanaoingia Chuo Kikuu wawe kwanza wamefanya kazi. Sharti hilo lilikuwa na matatizo katika utekelezaji na baadaye lililegezwa. Lakini wazo lake lilikuwa na uzito: msomi afike darasani akiwa na swali alilolipata kazini. Anayetaka kuelewa mtafiti wa uzamivu anapaswa kuwa mtu wa namna gani, na aanzie hapo.

IV. KUVUNJIKA NA KUJENGA UPYA

Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika. Kila nchi ilibaki na taasisi zilizokuwa katika ardhi yake. Tanzania ilibaki na Amani na Mwanza, lakini ikapoteza uhusiano wa kila siku na Entebbe na Tororo. Vita ya Kagera ya 1978 hadi 1979 ilikausha fedha za nchi. Katika hali hiyo ngumu, Bunge lilipitisha Sheria Namba 23 ya mwaka 1979 iliyounda Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, na kituo cha Mwanza kikawa sehemu yake.

Mkurugenzi Mkuu wa kwanza alikuwa Profesa Wen Kilama. Mafunzo yake yanafaa kutazamwa kama mfano. Katika masomo yake ya juu huko Marekani alichunguza jinsi mbu wanavyorithi uwezo wa kupata au kukataa vimelea vya malaria ya ndege, na mwaka 1969 yeye na msimamizi wake walichapisha matokeo yaliyoonyesha kwamba jambo hilo hutawaliwa na kigezo kimoja cha urithi. Kazi hiyo haikuwa ya wadudu peke yake, wala ya urithi peke yake, wala ya vimelea peke yake. Ilikuwa ya zote tatu. Mtu aliyefundishwa namna hiyo aliweza kuongoza taasisi yenye madaktari, wataalamu wa wadudu na wakemia bila kumtukuza mmoja na kumdharau mwingine.

Hata hivyo, ili Mtanzania apate mafunzo ya namna hiyo ilimbidi avuke bahari. Kwa miaka mingi hiyo ndiyo ilikuwa njia. Kijana alikwenda Ulaya au Marekani kwa miaka minne au mitano. Alijifunza kwa vifaa ambavyo havikuwapo nyumbani, kuhusu maswali ya maabara ya msimamizi wake. Baadhi hawakurudi. Waliorudi walikuta hadubini mbovu na umeme wa kubahatisha. Tuseme kweli: tulikuwa tukipanda mbegu katika shamba la jirani na kushangaa mavuno yanapobaki huko.

V. SOMO LA JARIBIO LA MWANZA

Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983. Ugonjwa huu uliwalazimisha watu wa fani mbalimbali kukaa meza moja, kwa kuwa hapakuwa na fani iliyoweza kuumudu peke yake.

Kati ya mwaka 1991 na 1994 kituo cha Mwanza, AMREF na Chuo cha London cha usafi na tiba za nchi za joto waliendesha jaribio lililojulikana duniani kote. Jumuiya 12 zilipangwa katika jozi sita, kwa kulinganisha zilizo kando ya barabara, kando ya ziwa, visiwani na mashambani. Katika kila jozi, jumuiya moja iliboreshewa huduma ya magonjwa ya zinaa. Watumishi walifundishwa kutibu kwa kufuata dalili, dawa zilifikishwa kwa uhakika, wasimamizi walitembelea vituo, na wananchi walielimishwa. Watu zaidi ya 12,000 walifuatiliwa kwa miaka miwili. Matokeo yalichapishwa mwaka 1995. Katika jumuiya zilizoboreshewa huduma, watu 1.2 kwa kila 100 walipata maambukizo mapya ya virusi vya UKIMWI; katika nyingine walikuwa 1.9. Maambukizo mapya yalipungua kwa asilimia 40 hivi.

Dawa hiyo ilitolewa wapi? Ilitolewa katika vituo vya afya na zahanati za kawaida. Sayansi iliyosifiwa London ilisimama juu ya mtandao wa zahanati uliojengwa kwa siasa ya kuwajali wakulima. Bila mtandao huo, jaribio lisingekuwa na mahali pa kusimama.

Kisha likaja jambo la kushangaza. Huko Rakai, upande wa Uganda wa ziwa hilohilo, jaribio kubwa la kuwatibu watu wote majumbani kila baada ya miezi kumi lilitoa matokeo yake mwaka 1999. Maambukizo ya virusi vya UKIMWI hayakupungua. Ziwa moja, nia moja, majibu mawili. Je, nani alikosea?

Hapana aliyekosea. Ilihitajika elimu ya fani nyingi kulifumbua fumbo. Mtakwimu alionyesha kwamba Mwanza karibu watu 4 kwa 100 walikuwa na virusi jaribio lilipoanza, na Rakai walikuwa 16 kwa 100. Janga lilikuwa katika hatua tofauti. Mtaalamu wa maabara alionyesha kwamba Rakai vidonda vingi vilitokana na virusi vya malengelenge, ambavyo dawa zilizotumika haziviui. Daktari alieleza kwamba kumtibu mgonjwa mwenye dalili siku anapokuja si sawa na kupita nyumba kwa nyumba mara moja katika miezi kumi. Mchunguzi wa jamii alieleza mienendo ya watu. Kila mmoja peke yake angetoa jibu la nusu, na jibu la nusu katika suala la uhai wa watu linaweza kuua.

Somo la tatu lilikuwa chungu zaidi. Kuanzia 1999 hadi 2002 mpango wa MEMA kwa Vijana uliwafundisha wanafunzi wa shule za msingi Mkoa wa Mwanza afya ya uzazi, na kuboresha huduma za vijana, katika jumuiya 20 ambazo nusu zilikuwa za kulinganisha. Maarifa ya vijana yaliongezeka. Maambukizo hayakupungua. Watafiti walioishi vijijini miezi kadhaa, wakilima na kupika na wenyeji, walisaidia kueleza sababu: msichana anaweza kujua kila kitu kuhusu virusi, lakini kama sabuni, nauli na daftari vinatoka kwa mwanaume, maarifa hayatoshi kumpa uwezo wa kukataa. Hapo sayansi ya tiba ilikutana na kile ambacho nadharia yetu ilikuwa ikisema siku zote. Hali ya maisha ndiyo inayojenga mwenendo.

VI. KUMFUNDISHA MTAFITI NYUMBANI: MAFANIKIO NA UKINZANI

Katika miaka iliyofuata hali ya mafunzo ilibadilika. Hospitali ya Bugando, iliyofunguliwa mwaka 1971, ilipata chuo chake cha sayansi za afya mwaka 2003, na leo ni chuo kikuu kinachofundisha hadi uzamivu. Mwaka 2006 kituo cha Mwanza na wenzake wa London waliunda kitengo cha majaribio ya tiba na kinga. Tangu 1994 watu wa Kisesa wilayani Magu wamekuwa wakihesabiwa na kufuatiliwa mara kwa mara, kaya kwa kaya, na takwimu zao zimekuwa darasa la watafiti wengi vijana. Mwaka 2009 vyuo na taasisi za Afrika Mashariki, zikiongozwa na Makerere, ziliungana katika mpango wa THRiVE wa kuwafundisha watafiti wa afya wa ngazi za juu. Muhimbili, tangu 1986, iliendesha na Sweden ushirikiano ambao mwanafunzi hugawa muda wake: anakwenda ughaibuni kujifunza mbinu, lakini kazi yake ya uwanjani, na mara nyingi shahada yake, iko nyumbani.

Mwanafunzi wa leo wa Mwanza anayechunguza kichocho anapitia shule ngumu. Lazima ajue kupaka kinyesi kwenye kioo kwa kipimo maalumu, kuhesabu mayai na kuzidisha kwa 24 ili apate idadi kwa kila gramu. Lazima ajue takwimu, maana mtoto mmoja hutoa mayai mengi leo na machache kesho, na kipimo kimoja humdanganya mtafiti. Lazima amtambue konokono. Na lazima ajue kukaa na wavuvi kambini na kusikiliza. Faida ya elimu ya namna hii imeonekana. Kuanzia mwaka 2011 watafiti wa Bugando na wenzao wa Marekani walieleza kwamba, miongoni mwa wanawake wa vijijini kando ya ziwa, kichocho kilionekana kuandamana na maambukizo ya virusi vya UKIMWI. Tafiti nyingine hazikuafikiana nao kikamilifu, na mjadala unaendelea. Lakini swali lenyewe lisingezaliwa kama chumba cha kichocho na chumba cha UKIMWI vingebaki na mlango uliofungwa.

Haya ni mafanikio. Lakini kada hajazoea kupiga makofi bila kutazama ukinzani uliomo ndani ya jambo. Tuutaje waziwazi.

Kwanza, sehemu kubwa ya fedha hutoka nje. Anayelipa huandika tangazo la ruzuku, na tangazo la ruzuku huandika swali. Kijana mwenye swali la maji ya kijiji chake hulikunja hadi lifanane na tangazo. Nchi za Afrika, yetu ikiwamo, zilikubaliana kutenga asilimia 1 ya pato la taifa kwa utafiti, nasi hatujafika. Hatuwezi kulaumu ubeberu kwa ahadi tuliyoitoa wenyewe.

Pili, mafunzo ya fani nyingi yanagongana na taratibu za vyuo. Idara hulinda mipaka yake kama shamba la mtu. Mwanafunzi anayehitaji wasimamizi watatu wa fani tatu huambiwa tasnifu yake haina nyumba. Na anapomaliza, muundo wa utumishi humwuliza: wewe ni daktari au ni nani?

Tatu, shahada inaweza kuzaa tabaka. Msaidizi wa maabara anayejua kila konokono wa Ghuba ya Mwanza, na mhudumu wa afya wa kijiji aliyefungua milango ya kaya 300, bado majina yao mara nyingi huishia kwenye mstari wa shukrani. Tukiwaandaa madaktari wa falsafa wazalendo wanaowatumia wananchi kama Koch alivyowatumia, tutakuwa tumebadilisha rangi ya mkono unaoshika daftari, na daftari lenyewe litabaki lilelile.

Nne, matokeo huandikwa kwa Kiingereza katika majarida ambayo kijiji hakiyaoni. Mwaka 1973 wananchi milioni mbili walijadili magonjwa kwa Kiswahili. Ni aibu kwamba miaka 50 baadaye kijiji kilichotoa damu na kinyesi kwa miaka mitatu hakijui kilichopatikana.

VII. MAJUKUMU

Kutokana na historia hii yapo majukumu yasiyokwepeka.

La kwanza ni la Serikali na wabunge wetu: kutimiza fungu la utafiti tuliloahidi, na katika fungu hilo kutenga ufadhili wa uzamivu kwa maswali yanayotoka wilayani. Mganga Mkuu wa Wilaya, afisa uvuvi na mwenyekiti wa kijiji wana maswali. Wapewe nafasi ya kuyaandika, na mwanafunzi achague miongoni mwayo.

La pili ni la vyuo: kuruhusu tasnifu moja kuwa na wasimamizi wa idara tofauti, na kumtaka kila mwanafunzi wa baiolojia-tiba aishi kijijini kwa muda wa kutosha kabla ya kuandika mpango wake. Hilo ndilo wazo la Musoma, limerudi katika nguo mpya. Vilevile mwanafunzi wa sayansi za jamii aingie maabara na kutazama kwa hadubini kile anachokizungumzia.

La tatu ni la watafiti: tasnifu iwe na muhtasari wa Kiswahili, na muhtasari huo usomwe katika mkutano wa kijiji ambako kazi ilifanyika. Mkutano wa kijiji uwe na haki ya kuuliza, na mtafiti awe na wajibu wa kujibu. Wasaidizi waliofanya kazi ya elimu waandikwe kama watu waliofanya kazi ya elimu, na wenye uwezo wafunguliwe njia ya kusoma zaidi.

La nne ni la makada. Katika matawi yetu ya kando ya ziwa, kutoka Musoma hadi Bukoba, watafiti hupita kila mwaka wakiomba ushirikiano wetu, nasi huwapigia mbiu wananchi wajitokeze. Ni vema. Lakini mara ngapi tumewauliza: mlipata nini safari iliyopita? Swali hilo halihitaji shahada. Linahitaji mtu anayejua kwamba damu ya watu wake ina thamani.

Mwaka 1906 mgonjwa wa malale hakuwa na wa kumwuliza Koch kwa niaba yake. Leo tunao vijana wa Sengerema, Magu, Ukerewe na Tarime wanaoweza kushika hadubini, kupiga hesabu na kuzungumza na bibi yao kwa lugha yake, yote katika siku moja ya kazi. Kuwaongeza watu hao na kuwaunganisha, kisha kuhakikisha hawawasahau waliowatuma, ni kazi ya kisiasa kwa maana kamili ya neno hilo. Chawa bado yupo. Vidole tunavyo. Kilichobaki ni kuvikutanisha.